Kifaa cha Kushika Mwendo

Mpaka leo nikisikia injini ya petroli ikilia bila mzigo, mate hunijaa mdomoni nikatamani kutema. Ndivyo ilivyolia pikapu ya meneja wetu, miaka ile nilipokuwa fundi wa karakana kwenye mashamba ya ngano ya serikali, Basotu.

Kifaa chenyewe meneja alirudi nacho kutoka masomoni Ulaya. Ukifika mwendo unaoutaka unabonyeza kitufe, unaondoa mguu, gari linaenda lenyewe kwa mwendo uleule. Trekta zetu zilikuwa zimelala kwa kukosa beringi, kombaini tunazifunga kwa waya, na yeye kaleta kitu cha kumpumzisha mguu. Nilikichukia tangu siku ya kwanza. Lakini nilikifunga kwenye pikapu yake, kazi ni kazi: sumaku ya kusoma mwendo kwenye propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, mpira wa kuvuta hewa kutoka kwenye injini, mnyororo mwembamba mpaka kwenye kabureta inayolisha injini mafuta, na waya wa breki ili dereva akigusa breki kijizime. Nikakijaribu kwenye barabara iliyonyooka katikati ya ngano. Kilikuwa sawa kabisa.

Haikupita wiki meneja akaniita. Alikuwa amewapakia wageni kutoka wizarani, wakashuka mteremko wa karibu na Gehandu, na kule chini injini ikaanza kupiga kelele yenyewe. Wageni wakashika milango.

"Fundi, umeniaibisha," alisema bila kunitazama. "Tengeneza. Ukishindwa, hama kota, nimlete fundi anayejua."

Mke wangu alikuwa ametoka kujifungua. Kwetu Nambis ndugu zangu walishagawana shamba la baba, sehemu yangu ikiwamo. Tukitolewa kota, hatukuwa na pa kwenda.

Nikabadilisha mpira. Nikakaza sumaku, nikasafisha swichi ya breki, nikaufungua mnyororo na kuufunga upya. Nikaenda mteremkoni na dereva wa meneja, mzee wa umri wa baba yangu. Alishuka gia ikiwa imeingia, taratibu, kifaa kimewashwa, na injini ilitulia mpaka chini. Kesho yake meneja akasema imelia tena. Nikafungua kila kitu upya. Hakuna kibovu. Nililala na hofu, nikaamka nayo.

Kisha siku moja nilikuwa Gehandu kutazama trekta lililokwama. Jioni nikaikuta pikapu imesimama, dereva yuko dukani, nikapanda nyuma pamoja na wafugaji na mbuzi wao. Hakuniona. Tulipoanza kuteremka, mngurumo wa injini ukafifia, ukabaki upepo tu. Nikaelewa hapohapo. Mzee alikuwa ametoa gia huku kifaa kimewashwa, gari linateleza kwa uzito wake. Madereva wote wa shamba walifanya hivyo kila penye mteremko. Walisema wanabana petroli. Kule chini mwendo ulipoanza kupungua, kifaa kikavuta mafuta ili kuurudisha, na kwa kuwa gia haikuwamo, injini ikapiga kelele mpaka bodi ikatetemeka na mbuzi wakarukiana. Mzee akagusa breki. Kimya. Siku ile tuliyokwenda pamoja hakutoa gia kwa sababu fundi alikuwa ameketi pembeni yake.

Mbele kidogo akasimama nyuma ya shamba la mahindi, akatoa mpira, akauingiza kwenye tangi na kuifyonza kwa mdomo ile petroli aliyoibana, ikamiminika kwenye dumu. Wafugaji hawakushangaa. Nikashuka, nikasimama mbele yake. Nilikuwa na hasira, lakini umri ni umri.

"Shikamoo mzee."

Akatema petroli miguuni pangu. "Marahaba mwanangu. Kumbe umo?"

Asubuhi nikamweleza meneja yote, gia na dumu. Nilitegemea apige meza. Alinisikiliza akichezea funguo zake, kisha akasema, "Basi king'oe hicho kifaa. Endelea na kazi." Kuhusu dumu hakuuliza neno. Nikaking'oa nikiwa na furaha, kota imepona, mtoto atalala ndani.

Jioni nilimkuta mke wangu mlangoni anatabasamu. Kando yake palikuwa na dumu la petroli.

"Mzee dereva kaleta," alisema. "Anakushukuru sana. Anasema gari sasa halipigi kelele, kila mtu anafanya kazi yake kwa amani."

Kelele ile ndiyo iliyowaumbua wezi wa petroli. Nilikuwa nimewanyamazishia gari kwa mikono yangu mwenyewe. Nikalibeba lile dumu mbele ya watu wote wa kota, nikapita nalo mpaka nyumbani kwa meneja, nikalitua barazani kwake kwa kishindo ili atoke.

Alitoka na kikombe cha chai mkononi. Akalitazama dumu, akanitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Hilo ni la kwako, fundi," alisema. "Mimi langu nimeshaletewa."