Kati ya Mchoro na Zege

Nilipomaliza chuo, mama alitangaza habari hiyo Kariakoo nzima kabla hata sijarudisha joho. Anauza vitenge kwa jumla, na kila mteja aliyekuja kuchukua mzigo aliongezewa habari bure: mwanangu ni msanifu majengo. Ndugu zetu wa Kilimanjaro walishajua siku hiyohiyo. Kwa hiyo nilipoanza kuisitasitia kazi hiyo, sikuwa nasitasita peke yangu, Kariakoo nzima ilikuwa ikinitazama.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kujifunza kazi katika ofisi moja ya wasanifu kule Posta. Kuna kiyoyozi, kuna kahawa, na hakuna anayekupigia kelele. Kama ningevumilia pale miaka inayotakiwa na kufaulu mitihani ya usajili, ningeruhusiwa kuitwa msanifu mbele ya sheria. Niliitaka sana heshima hiyo, siwezi kujifanya sikuitaka.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ghorofa la Kariakoo. Mwenye kiwanja alikuwa bibi mmoja mtu wa pwani, aliyezaliwa katika nyumba ya vyumba sita iliyokuwa pale. Wanawe walitaka maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Yeye aliomba kitu kimoja tu: uwa, ule uwanja wa wazi wa ndani, usife. "Mimi nitakaa huko juu, mwanangu," aliniambia, "lakini nikifungua dirisha la jikoni nisikutane na ukuta." Nikamchorea uwa wazi katikati ya jengo, kutoka chini mpaka kwenye paa, hewa ipite na mwanga ushuke. Bosi aliusifu mchoro. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Jumamosi moja nilitumwa saiti kupeleka nakala za michoro, nikakuta uwa wangu umegawanywa kwa chaki. Kariakoo fremu za maduka hupangishwa kabla ukuta haujasimama. Dalali anakuleta, unachagua, unachora mraba wako sakafuni na kuandika jina. Ukishatia chaki, mahali ni pako, na hakuna wa kukufuta. Wanne walikuwa wameshatia. Juu ya miraba hiyo mafundi walikuwa wakipigilia mbao za kuuziba uwa, tayari kwa zege la Jumatatu.

Nikampigia bosi.

"Wewe si umeshachora?" alisema kwa upole. "Wanawe wakibadili, nyumba ni yao. Hatugombani na mteja."

Nikamgeukia mkandarasi, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza. "Dada, mimi najenga ninachoambiwa na anayenilipa," alisema. "Hawa wapangaji wakikubali kuhama, mbao nang'oa leo leo."

Wapangaji wenyewe walikuwa wamekaa juu ya matofali wakinywa soda. Nikawaamkia. Mmoja akanikazia macho. "Wewe si mtoto wa mama vitenge? Ndo umekuja kutufukuza?"

Hapo chuo hakikunisaidia. Kilichonisaidia ni kukulia chini ya meza ya duka. Mfanyabiashara haogopi fremu ndogo, anaogopa fremu isiyoonekana. Nikaomba chaki na utepe wa kupimia. Nikaila stoo niliyoichora mwenyewe, nikaumega na uwa kidogo, nikawapanga pembeni. Fremu zikawa nyembamba, lakini kila moja ikapata milango miwili, mmoja wa kwenye korido na mwingine wa uwani. "Mteja anaingia huku, anatokea kule," nikawaambia. "Mnauza pande mbili."

Walibishana, wakatukanana kidogo, wakasema nimerithi ulimi wa mama. Kisha wakafuta chaki zao wenyewe kwa soli za viatu. Wana wa bibi, walipoona hakuna fremu iliyopotea, hawakuwa na neno. Uwa ulipungua, ila ulibaki wazi mpaka juu.

"Sasa wewe ofisini unafanya nini?" mkandarasi aliniuliza tukiagana. "Njoo kwangu usimamie ujenzi."

Swali lile lilininyima raha. Ofisini ningechora vizuri na kusikia baadaye walichojenga. Saiti ningekuwepo zege likimwagwa, lakini kwenye bango la mradi msanifu angekuwa mtu mwingine, daima. Mshika mawili moja humponyoka, na nilishajua ni lipi litakaloniponyoka. Nilichokiogopa ni uso wa mama.

Nilimwambia dukani kwamba naacha ofisi niende saiti, akiwa anakunja kitenge. Alikimaliza kwanza.

"Kwa hiyo mchoro hautakuwa wako tena?"

"Hautakuwa wangu, mama."

"Na huko ni wanaume watupu?"

"Wengi."

Nilitamani agombe, nimjibu, yaishe. Badala ya kugomba, akamwomba jirani amwangalizie duka, akanishika mkono mpaka Mtaa wa Kongo, kwa muuza viatu. Akachukua buti, akaligonga kwa ngumi, akalikunja, akalirudisha, akadai mabuti yenye chuma mbele.

"Unamchukulia mzee nyumbani?" muuzaji akauliza.

"Namchukulia mwanangu huyu," mama akajibu, na sauti ikampanda kama anapoita wateja. "Anajenga maghorofa."

Nikavaa buti la kwanza huku machozi yananitoka. Lilinibana, nikasema limenitosha.