Goti la Anjelina

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya sabini, Mkuu wa Karakana ya hospitali moja mjini Iringa alinikabidhi randa na kipande cha mbao kutoka Mafinga. Nilikuwa mwanafunzi wa ufundi wa vifaa vya tiba, mwaka wa mwisho, nimetumwa kufanya utafiti. Nia yangu ilikuwa mashine za eksirei, niwe mhandisi wa vitu vya umeme. Kumbe karakana ile ilitengeneza miguu ya bandia! Nilinuna wiki nzima.

Kwa ninyi vijana mnaosomea fani hii, mguu wa mtu aliyekatwa juu ya goti huanza na soketi, yaani kikombe kinachopokea kigutu cha paja, kisha goti, kisha muundi. Wakati ule goti letu halikukunjika. Lilikazwa kwa bolti ili mtu asianguke kwenye miteremko yetu.

Utafiti wangu ulikuwa kuwafuata wagonjwa makwao. Ndivyo nilivyofika Igowole kwa Anjelina, mke kijana aliyepondwa mguu na gogo. Mguu tuliompa ulikuwa umesimamishwa nyuma ya mlango, haujachakaa hata kidogo. Yeye alitembelea gongo, hawezi kulima wala kubeba maji, na ndugu wa mume walishaanza kunong'ona kwamba arudishwe kwao.

"Unakuumiza?" nilimuuliza.

"Hauniumizi, dada. Ila haupigi magoti. Nimwamkie mama mkwe nimesimama wima kama bwana shamba? Kwa gongo najishusha mpaka chini, nasema kamwene, nainuka. Huu mguu wenu unanitoa adabu."

Nilicheka, halafu nikaona machozi yanamlenga, kicheko kikaniishia. Mimi mwenyewe nimelelewa kupiga magoti mbele ya wakubwa. Goti lile lilichorwa na wanaume ambao hawajawahi kumwamkia mama mkwe.

Nilirudi na kumwambia Mkuu nataka goti linalokunjika. Alivua miwani.

"Binti, mguu ni wa kutembelea. Akianguka mlimani akavunja na huo uliobaki, utamjibu nini mumewe?"

"Na asipouvaa kabisa, mzee, tutamjibu nini yeye?"

Alivaa miwani yake tena, akaniachia benchi la pembeni. Nilitengeneza bawaba yenye komeo, linalofunguliwa kwa kuvuta kamba iliyofungwa kiunoni chini ya kanga. La kwanza lilifyatuka nilipoweka mfuko wa mchanga juu yake, na mafundi wakanitania hadi jioni. Nikalichonga upya, safari hii likijibana zaidi kadiri uzito unavyolielemea. Mvaaji asipoondoa uzito, kamba haivutiki.

Anjelina alipokuja kuujaribu, Mkuu alisimama kando yake, mikono tayari kumdaka. Anjelina alihamishia uzito kwenye mguu mzima, akavuta kamba, goti likakunjika, akashuka taratibu hadi sakafuni. "Kamwene, baba," akamwamkia Mkuu. Kushuka si kazi. Kazi ni kuinuka. Alishika benchi, akajisukuma juu, na wote tukasubiri kusikia komeo. Likaingia: ta! Mkuu akageukia dirishani, akafuta miwani.

"Tengeneza mengine," alisema.

Eksirei sikuigusa tena. Nilipohitimu nilipangiwa kazi Mbeya, nikawa msaidizi wa Mhandisi wa Mkoa, kisha mkuu wa karakana mimi mwenyewe, na kila mwanafunzi niliyempokea nilimtuma kwanza nyumbani kwa mgonjwa kabla hajashika randa. Wengi walinuna, kama mimi.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, watu walihutubia sana, na mengi nimeyasahau. Mwishoni aliingia bibi mmoja mwenye mvi, ameshikwa mkono na mjukuu. Alivaa mguu mwingine, wa tatu au wa nne, lakini goti lilikuwa la komeo lile lile. Akavuta kamba.

"Usipige magoti, dada," nilimwambia. "Tumezeeka."

"Niache," alisema Anjelina akishuka. "Kwani nilikuomba nini?"