Kahonzi Aliyeacha Kuandika

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na Widad binti Haroun, mwalimu wa sekondari pale Malindi mjini, anayo tele, hilo tumpe. Kwa maneno hayo alikusanya watu arubaini wa kujitolea, wakaanza kuandika mtandaoni kamusi ya miti na dawa za pwani, kila mtu na simu yake, bila senti. Mwaka wa pili walibaki sita. Mwaka wa tatu alibaki Kahonzi wa Kakuyuni peke yake, mkulima wa mihogo. Kila jioni alikaa jikoni na mamake, mama akitaja mti na kazi yake, yeye akiandika. Kahonzi akiondoka kamusi imekufa, na Widad alilijua hilo vizuri sana.

Basi alimtunzaje? Kwa nyota. Ukiandika kurasa kumi unapata nyota, ukinyamaza siku saba, mtandao wenyewe unakuletea ujumbe: "Mbona kimya? Tunakungoja."

Mwezi wa nne mamake Kahonzi akafariki. Kahonzi akaliarifu kundi la kamusi kwenye simu kwa mstari mmoja: mama ametutoka, tunazika Jumamosi. Widad akajibu pole, akaweka picha ya ua, akarudi kusahihisha mitihani yake. Mtu amezaliwa Malindi, hajapata kukosa tanzia ya jirani, na Kakuyuni si mbali hata saa moja, asiende! Alidhani msiba wa mtu wa mtandaoni huhaniwa mtandaoni.

Matanga hayajaondolewa, simu ya Kahonzi ikalia mbele ya wafiwa. "Mbona kimya? Tunakungoja."

Widad alifika baada ya miezi miwili, nyota ziliposhindwa kazi, kabeba fulana na cheti. Kahonzi alimpa kiti, akampa maji, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, ile kazi nimeacha."

"Kama ni bando, dadangu, nitakutumia."

"Bando ninayo. Kwenye matanga walikuja watu wa kanisani, wakaja wa sokoni. Hata yule tunayegombania naye mpaka wa shamba alikuja na unga. Kila pikipiki ikisimama nilisema, hao sasa ni watu wangu wa kamusi. Niliwawekea mkeka wenu. Tumeuanua haujakaliwa."

Widad aliona aibu. "Nimekosa, Kahonzi. Nisamehe."

"Nimekusamehe."

Angenyamaza hapo, mwanamke wa watu! Lakini kamusi ilikuwa imemshika roho. "Na ile miti iliyobaki?" likamtoka.

Kahonzi akainuka. "Ninayo yote kichwani, mama alinimalizia. Nitawafundisha wanangu, na nitawaambia wasiiandike."

Kisha akachukua kanga yake, akamsindikiza mpaka barabarani, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote.