Jumapili Masanja Alipotulimia Shamba

Harufu ya majani mabichi yaliyofukiwa chini ya udongo wenye maji ndiyo harufu ya utoto wangu. Hainukii vizuri, nisidanganye mtu. Ni nzito, ina uchachu kidogo, na aliyeshika jembe kutwa huenda nayo mpaka kitandani. Kwetu Ufipa, mvua zikielekea ukingoni na majani yakiwa yamefika kiunoni, watu waliyakwatua, wakayakusanya mafungu mafungu, kisha wakayafunika kwa udongo mpaka shamba zima likajaa vilima vya duara vinavyomfika mtoto mapajani. Vilima hivyo tunaviita intumba. Majani huozea humo kiangazi chote, na mvua za mwaka unaofuata zikianza, vilima hubomolewa, udongo mweusi ukasambazwa na ulezi ukapandwa. Ukichelewa, ardhi inakauka na jembe linadunda. Asiyewahi kufanya intumba kabla mvua hazijakatika alijua mwaka unaofuata watoto wake watakula nini, yaani karibu hakuna kitu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, maduka ya Sumbawanga mjini yalipojaa vitu ghafla, redio, mitumba, sabuni za kila rangi, na wakati huohuo ruzuku ya mbolea ikaondolewa, mfuko wa mbolea ukawa kitu cha kutazama dukani na kwenda zako. Baba alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori la mahindi, akavunjika paja, akalazwa hospitali mjini. Mama akabaki na shamba, na mimi, na wadogo zangu wawili, mmoja bado wa mgongoni. Mimi nilikuwa kwenye mafundisho ya Kipaimara. Katekista alitufundisha kwamba anayeomba kwa imani hupewa, nami nilikuwa mtoto wa kuyachukua maneno kama yalivyo. Kila jioni nilimwomba Mungu atuletee watu wa kutusaidia intumba, na nilimtajia mpaka shamba lenyewe, lile la ng'ambo ya mto, asije akakosea.

Wakaja kweli. Jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa ya nyumba kumi na moja, na mwenyekiti wake alikuwa Mzee Kalisto, mtu mrefu, mkali, ambaye hata padri akianza wimbo vibaya alimkatiza. Ijumaa na Jumamosi nyumba nyingine zote kumi zilikuja na majembe, wakaacha mashamba yao yenyewe yakingoja. Waliimba, wakataniana, wakamcheka Mzee Kalisto kwamba vilima vyake vimenyooka kuliko mahubiri yake. Jumamosi jioni nilisimama kwenye kichuguu nikatazama intumba zimetapakaa mpaka mtoni, sikuweza kuzihesabu. Nilikuwa nimeomba, na kilichoombwa kilikuwa mbele ya macho yangu. Sijawahi kumwogopa Mungu namna ile tena, woga wenye furaha ndani yake.

Jumapili padri alikuja kigangoni kwetu. Mama alipeleka altareni kikapu cha ulezi, mbegu karibu yote aliyokuwa nayo, akasimama mbele ya watu akamshukuru Mungu na jumuiya yake. Misa ilipoisha tulirudi wote kwa njia moja, karibu nyumba zote, tukiimba, na njia hiyo inapita shambani kwetu.

Hapo lazima nimtaje Masanja. Alikuwa Msukuma, mfugaji, aliyehamia ng'ambo ya mto mwaka huohuo na mkewe Kabula, watoto na ng'ombe wengi. Kijiji kiliwatazama kwa jicho la pembeni kwa sababu ya ng'ombe hao. Kabula alipojifungua akiwa hana ndugu wa kumhudumia, Mama alimpelekea unga wa ulezi na kumpikia uji siku tatu mfululizo. Hatukulifikiria tena jambo hilo. Masanja alilifikiria.

Tulimkuta ukingoni mwa shamba, jasho linamtoka, maksai wake wanne wamesimama na nira, plau imelala ubavuni. Shamba lote lilikuwa tambarare. Alikuwa amelima tangu alfajiri, mistari imenyooka vizuri, na majani yetu yote yalikuwa juu, yameanza kunyauka kwa jua. Hakuna intumba hata moja iliyobaki. Masanja alikuwa anatabasamu.

"Mama Yustina," alisema, akimwita kwa jina langu, "nimeona mmekusanya nyasi tu, hamkuwa na nguvu ya kumaliza. Nimewamalizia."

Wimbo ulikuwa umekatika zamani. Nilisikia Mzee Kalisto akivuta pumzi ya kuanza kusema, nikataka aseme, tena aseme maneno mabaya. Mama aligeuka akamtazama. Hakumtazama kwa ukali, alimtazama tu, kisha akawatazama wengine mmoja mmoja, na watu wote wale wakanyamaza. Akamfuata Masanja, akapiga goti kidogo kama tunavyofanya mbele ya mtu wa heshima.

"Asante sana, baba," alisema. "Umefanya kazi kubwa. Mungu akubariki."

Masanja akaswaga maksai wake kwenda nyumbani, akipiga mluzi. Ndipo watu walipofoka. Wengine walisema alipe, wengine walisema afukuzwe yeye na ng'ombe wake, na Mzee Kalisto alisema ukweli haufichwi na atakwenda kumwambia yeye mwenyewe. Mama alimwomba asiende. Alisema yule mtu amefanya wema kwa jinsi anavyoujua, na hataki auonee aibu wema wake. Mzee Kalisto akaondoka bila kuaga.

Nyumbani nilimwambia Mama kwamba siendi tena kwenye mafundisho. Nilimwambia kwamba Mungu ananicheza shere, kwamba anatoa kwa mkono huu na kunyang'anya kwa ule, na kwamba kama ni hivyo bora asiombwe. Nilitegemea kofi. Mama alikuwa anamnyonyesha mdogo wangu, akaendelea kumnyonyesha.

"Asubuhi nimemshukuru mbele ya watu," alisema. "Sasa ni saa nane. Unataka nikamdai shukrani yangu?"

Jumatatu alikwenda shambani peke yake, mtoto mgongoni, akaanza upya. Nilimfuata kwa hasira, nikashika jembe kwa hasira. Saa nne Masanja alipita na ng'ombe, akasimama. Alitazama muda mrefu yale majani aliyoyafukua yakirudishwa chini ya udongo. Akauliza, na Mama, ambaye hakuweza kusema uongo, akamweleza taratibu kazi ya intumba, kama anamweleza mgeni njia ya kwenda sokoni. Masanja akakaa chini palepale. Akashika kichwa. Kisha akavua katambuga zake za matairi, akaniomba jembe langu.

Mchana walikuja Kabula na watoto wao. Intumba zao zilikuwa za kuchekesha, zimepinda, nyingine zinabomoka zenyewe. Jumanne Mzee Kalisto alipita akielekea kwake, akasimama njiani, akatutazama, akaondoka. Nilidhani ndiyo basi. Baada ya saa moja alirudi na jembe, mkewe nyuma yake, na nyuma ya mkewe nyumba nyingine tatu. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwa Masanja, akabomoa intumba yake moja mbovu, akamwonyesha jinsi majani yanavyolazwa.

Saa sita kengele ya kigango ililia. Tulisimama, Mzee Kalisto akaanzisha sala ya Malaika wa Bwana. Masanja hakuijua. Alivua kofia, akainamisha kichwa, na watoto wake wakamwiga, wamesimama kati ya vilima na mikono yenye matope. Nilisahau kuitikia. Nilikuwa naangalia tu. Siku ya Jumapili nilikuwa na uhakika Mungu ametuacha, na sasa sikuwa na uhakika wa lolote, ila nilitamani nivue viatu kama mtu aliyekanyaga mahali patakatifu, na sikuwa na viatu. Mvua za mwisho zilinyesha Ijumaa, tulipokuwa tumemaliza.

Sasa ninaishi mtaa wa Majengo, Sumbawanga mjini, nauza pembejeo. Watu wananunua mbolea kwangu kwa mfuko, na vijana wengi wa rika la wanangu hawajawahi kufanya intumba hata moja. Vipaza sauti vya wahubiri vinaahidi miujiza kila wiki, naye Mungu wao hujibu upesi sana. Mimi huenda kanisani na mashaka yangu, nakaa nayo benchi moja. Nimewasaidia watu wengi walionisaidia. Kumshukuru mtu aliyeniumiza, nikamlinda asijue, bado sijaweza.

Mama alipokuwa anaugua mara ya mwisho, nilimuuliza kama kweli alikuwa na shukrani moyoni siku ile alipopiga goti mbele ya Masanja.

"Hapana," alisema. "Nilitanguliza maneno. Moyo ulikuja baadaye, Jumatano hivi."

Huwa nasali hivyo mpaka leo, maneno kwanza. Zipo Jumatano ambazo bado nazingoja.