Mashine Iliyokuwa Siku Moja Mbele

Siku yangu ya kwanza kazini nilifunguliwa geti na Aloisi. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Ghala la kahawa pale Moshi bado lilikuwa la ushirika, na ulinzi wake ulikuwa kufuli mbili, mbwa mmoja na huyo Aloisi, mtu wa Kilema mwenye koti refu la mtumba. Alitazama viatu vyangu vipya, akasema, "Karani, hivyo vitakubana mpaka Pasaka." Vilinibana kweli.

Mhasibu Mkuu alinifundisha bajeti kwa rula na penseli. "Kitu ukishakinunua," aliniambia, "ndipo kinapoanza kula." Trekta lilikuwa na dizeli yake, ng'ombe majani yake, na kila mali ilikuwa na kifungu, yaani mstari wake kwenye bajeti, mwaka hadi mwaka. Baadaye nikapelekwa tawi la Mkuu, Rombo. Niliporudi Moshi kama mhasibu wa bajeti, ghala lilikwisha kuuzwa kwa kampuni binafsi na Mhasibu Mkuu alikwisha kupunguzwa kazini. Aloisi alikuwa bado yupo.

Kampuni ikafunga mfumo wa kisasa. Milango ilifunguliwa kwa kadi, na kompyuta iliandika ni kadi ya nani, siku gani, saa ngapi. King'ora kilijiwasha chenyewe usiku na Jumapili kutwa, kikalala saa za kazi. Kwa kuwa mashine ilikuwa inalinda, Jumapili Aloisi alipewa mapumziko. Fundi aliyeufunga, Singasinga wa hapahapa mjini, alitueleza wazi kwamba programu inayoongoza vitu vyote hivyo nayo inataka matunzo: marekebisho kutoka kwa walioitengeneza, na ukaguzi kila baada ya miezi mitatu. Nikaiwekea kifungu.

Meneja aliipitia rasimu wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, roho za watu zikiwa zimeshapanda mlimani makwao. "Programu ina matairi?" aliuliza. "Inachakaa wapi?" Kikao kikacheka, naye akakifuta kifungu. Mwaka wa pili akakifuta tena. Mwaka wa tatu sikukiweka kabisa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimechoka kuchekwa, na nilitaka kikao kiishe niwahi nyumbani Rombo, mbuzi ananisubiri. Huo ndio ukweli na sina namna ya kuupamba.

Mwaka uliofuata ulikuwa elfu mbili, na Februari yake ilikuwa na siku ishirini na tisa. Programu yetu haikuijua siku hiyo. Ikairuka, na tangu hapo ikawa siku moja mbele yetu. Sisi tulichoona ni kwamba kila Jumamosi asubuhi, Aloisi akifungua, king'ora kinalia, naye anakizima kwa kadi yake. "Mashine imekuwa Msabato!" tukasema, tukacheka sana.

Jumatatu moja tukakuta kufuli la mlango wa nyuma limekatwa na magunia hayapo. Wezi walikuja Jumapili mchana na king'ora hakikulia. Meneja akataka kujua nani aliingia kukizima. Kompyuta ikajibu: kadi ya Aloisi, Jumapili hiyo, na kila Jumapili kabla yake.

"Jumapili mimi huwa Kilema, kanisani," Aloisi alisema. "Waulizeni watu."

"Watu wa kwenu lazima wakutetee," Meneja akajibu. "Mashine haina ukoo."

Nilikuwa mle chumbani. King'ora cha Jumamosi kilinijia kichwani palepale, na nikaelewa nusu ya mambo. Lakini swali likifika kwenye programu, lingefika pia kwa aliyeacha kuiandikia kifungu. Niliogopa. Nikanyamaza, polisi wakamchukua.

Alikaa mahabusu miezi saba. Mke wake akauza ng'ombe. Ilipofika hapo ndipo fundi aliitwa, tena kwa sababu tu kelele za Jumamosi zilimchosha Meneja. Alikaa mbele ya kompyuta kama nusu saa. "Leo Alhamisi," alisema, "lakini huyu anasema Ijumaa. Jumapili yenu kwake ilikuwa siku ya kazi, ndiyo maana alilala. Na mlinzi akizima king'ora Jumamosi, yeye aliandika Jumapili." Aloisi akaachiwa. Barua ya kumfukuza haikufutwa, na kiinua mgongo cha miaka yote ile hakukipata. Meneja alipandishwa cheo, akahamia Dar.

Vijana mnaoandika bajeti sasa huniuliza kifungu cha matunzo wakitetee vipi. Nawaambia, kiandikeni hata kama kitafutwa, ili mfutaji awe mwingine. Mimi sikuliweza hata hilo.

Nilistaafu bila kwenda Kilema. Mwaka wa pili wa kustaafu nilikata jani la isale, ambalo kwetu ukiletewa kwa kuombwa msamaha huwezi kulikataa, nikapanda nalo hadi Kilema. Nilimkuta kihambani, shambani kwake pale nyumbani, amekonda, anapogoa migomba.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia. "King'ora nilikielewa siku ile ile. Nikanyamaza."

Alilipokea jani kwa mikono miwili. "Nimepokea," alisema. "Isale halikataliwi." Akaligeuzageuza. "Lakini siku ile nilikutazama wewe, karani. Nikaona kwamba unajua. Ulikuwa unatazama viatu vyako."

Mke wake akaleta mbege, pombe yetu ya ndizi. Aloisi akaonja kwanza, kama inavyompasa mwenye nyumba, akanipa kata. Nikanywa, na hata hapo nilikuwa natazama chini.