Fimbo ya Keith

Jirani yangu hapa Grimsby ni msusi, na vidole vyake hukata hewa kila anapozungumza, hata kama mkasi kauacha saluni. Nimeviona vikitulia siku moja tu. Mumewe Keith, aliyekuwa akilipwa na serikali kwa ajili ya mguu mbovu, alitupa fimbo akaruka ukuta kumfukuza paka aliyevamia njiwa wake.

"Keith," akamwambia polepole. "Mguu."

Hakugomba mbele yetu. Wiki ile walikwenda pamoja kukiri kwenye ofisi iliyokuwa ikimlipa, kisha kwa daktari.

Leo Keith katoka bila kuegemea fimbo, nami nikashindwa kujizuia, nikamuuliza mkewe. "Mguu umepona, shoga?"

"Mguu haujawahi kuumwa, kichwa ndicho kilichokuwa kinaumwa." Vidole vilikuwa vikikata hewa tena. "Kaona haya kusema ana sonona, kaona afadhali achechemee. Wanaume, shoga."

"Nakusikia," Keith akasema kutoka bustanini.

"Sikia vizuri, na hiyo fimbo inyooshe."

Keith alikuwa anaichomeka ardhini, maharage yapate pa kutambaa. Mkewe akacheka mpaka akashika uzio.

"Itazame," akaniambia. "Leo ndiyo imepata kazi ya halali."