Pale Kwenye Shamba la Ufuta

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nikipita dukani nauliza bei ya kitu nisichonunua. Nikiona watu wamekusanyika, naingiza kichwa nijue kuna nini. Marehemu mume wangu alikuwa akinicheka, anasema serikali ilikosea kuniacha mtaani, ilitakiwa inipe kazi ya upelelezi. Lakini kuna jambo moja sikuwahi kumuuliza miaka yote ya ndoa yetu, na lilikuwa mbele ya pua yangu.

Tulikuwa tunauza vitenge na khanga kwenye magulio. Nyumbani ni Nachingwea. Siku ya gulio la Ruangwa tunatoka alfajiri kwa pikipiki yetu, yeye mbele, mimi nyuma, robota la nguo limefungwa kwa mipira. Kabla hujafika Ruangwa mjini kuna mteremko, chini yake kijito na daraja dogo, na kando ya daraja shamba la ufuta la mtu. Hapo lazima asimame. Anazima pikipiki, anavua kofia, anavuka mtaro na kusimama ukingoni mwa shamba, mikono nyuma. Akirudi anasema, "Nilikuwa nanyoosha mgongo."

Nami nimeshawaka. "Tembea bwana, tunachelewa! Chelewa chelewa utakuta mwana si wako!" Gulioni anayewahi ndiye anayetandika mahali penye njia ya watu, anayechelewa anatandika karibu na choo. Mgongo gani unauma palepale kila safari? Wallahi sikujiuliza. Nilikuwa na haraka, tena najisifu nayo, nikiamini hakuna mtu Nachingwea nzima anayejua kutumia muda kama mimi.

Presha ikamchukua mume wangu ghafla, nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, hakuna gulio, hakuna safari. Siku za mwanzo watu walijaa, wakapungua, wakaisha. Nikabaki na mchana. Jamani, mchana ni mrefu! Nikagundua jogoo wa jirani anawika saa nane mchana bila sababu yoyote. Nikagundua ukuta wa chumbani kwangu una ufa, na ndani ya ufa kuna mji mzima wa sisimizi wenye shughuli kuliko mimi. Nikawa nawaangalia wanavyopishana.

Mama mkwe alikuja kutoka Lionja kukaa nami. Ni Mmakua. Walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita vya kwao, mume wangu akiwa mtoto. Kiswahili chake kinatosha salamu, chumvi na kumgombeza mtu. Miaka yote hiyo nikifika kwake nasalimia, naacha sukari na kitenge, huyoo, nimeondoka. Eda ikiisha, shemeji yangu wa Mbwemkuru angekuja kumchukua akaishi kwake moja kwa moja, maana alikuwa ameshazeeka.

Siku moja nimejilaza, mume wangu akanijia akilini, amesimama pale kwenye ufuta, mikono nyuma. Nikainuka nikakaa. Kwa nini pale? Kwa nini si juu ya mteremko, kwa nini si mbele kwenye kijiji? Kichwa kikaanza kuniwasha. Mwenyewe yuko kaburini, na mtu pekee anayeweza kujua yuko sebuleni kwangu anavuta ugoro.

Nikamwendea kama ninavyomwendea mteja. "Mama, pale njia ya Ruangwa, darajani, mwanao alikuwa anasimama. Kuna nini pale?" Akaniangalia. "Weye uliza kama soja," akasema. "Kaa. Chambua." Akanisukumia ungo wa choroko.

Kesho yake asubuhi akaniuliza kama mwanawe amesharudi kutoka shamba. Nikadhani hatujaelewana. Nikamweleza kwa upole kwamba mwanawe amefariki, akalia kama mtu anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Alipouliza tena siku nyingine, nikamwambia, "Bado, mama." Ndipo nilipojua kuwa muda wangu si eda nzima. Muda wangu ni zile asubuhi ambazo akili yake iko nyumbani, na zilikuwa zinapungua.

Jirani akasema atanitafutia Mmakua wa kutafsiri. Nikakataa. Jambo la mume wangu lipite kwenye mdomo wa mtaa kabla halijafika kwangu? Thubutu! Nikaamua kujifunza mwenyewe. Nikawa nanyoosha kidole, kinu, moto, kuku, anataja, narudia. Nikikosea anacheka mpaka anapiga chafya za ugoro, ananiigiza, anarudia kosa langu kwa sauti ya mbuzi. Nami nilifurahi, sifichi. Sikuwahi kujua mama yule ni mtani kiasi kile. Kidogo kidogo nikaanza kushika. Nikajua mume wangu utotoni alikuwa mwizi wa mayai. Nikajua aliogopa bundi, yeye aliyekuwa akinicheka mimi kwa kuogopa mjusi. Kila nikipata moja, nataka la pili. Na lile la darajani nikalinyamazia, ingawa lilinikereketa kama mwiba wa samaki kooni.

Lilikuja lenyewe. Tulikuwa tunamenya mihogo, nje pikipiki ikapita, ikapunguza mwendo, ikazimwa. Mama akasimamisha kisu. "Amesimama pale," akasema kwa Kimakua.

Nikaendelea kumenya. "Pale wapi, mama?"

"Pale nilipomwacha dada yake."

Akanisimulia polepole, neno la Kimakua, neno la Kiswahili, nisipoelewa anarudia. Walikuwa wameshavuka Ruvuma, wanatembea kumfuata ndugu yao aliyekuwa Chinongwe. Yeye kabeba mzigo kichwani. Mwanawe wa kiume, ndiye mume wangu, kabeba mgongoni dada yake mdogo aliyekuwa na homa. Kwenye mteremko mvulana akasema, "Mama, ananilemea. Amenyamaza." Mama akajibu bila kugeuka, maana jua lilikuwa linazama na njia hawaijui. "Amelala huyo. Tembea, tunachelewa."

Wakafika kwenye kijito, wakamshusha wampe maji. Alikuwa ameshakufa. Mwenye shamba akawapa jembe, wakamzika ukingoni, wakaendelea na safari.

"Mwanangu hakusema kitu," mama akasema. "Wala hakulia. Mpaka Chinongwe hakukubali kubeba kitu kingine mgongoni."

Akachukua muhogo mwingine. Mimi nikaweka kisu chini. Tembea, tunachelewa. Maneno yaleyale, mahali palepale, nami nimeyapiga kelele miaka na miaka nikiwa juu ya pikipiki, na yeye akavaa kofia yake na kusema alikuwa ananyoosha mgongo. Nililia. Siku ya mazishi yake sikulia vile. Mama akanifuta machozi kwa khanga yake, ananibembeleza, na sidhani alijua nalia nini.

Baada ya hapo zile asubuhi nzuri ziliisha haraka. Akawa ananiita jina la mtu nisiyemjua. Maneno ya Kimakua niliyojifunza tukawa tunayarudia tu, kinu, moto, kuku, na mara nyingine mimi ndiye niliyemkumbusha.

Eda ikaisha. Nikaoga, nikavaa, shemeji akaleta gari ya kukodi. Njia ya Mbwemkuru inapita Ruangwa, nikasema nitawasindikiza. Tulipoanza kushuka ule mteremko nikamgusa dereva bega. "Simama hapo darajani." Shemeji, ambaye alizaliwa huku baada ya safari ile, akauliza kuna nini. Nikamwambia shuka, utasikia.

Ufuta ulikuwa umetoa maua. Nikamshika mama mkono, tukavuka mtaro, tukasimama ukingoni. Hakuna kaburi linaloonekana, hakuna hata jiwe. Nikasoma Fatiha. Mama akaangalia maua, akaangalia gari, akaniangalia mimi.

"Tunamngoja nani hapa?" akauliza.

Nikatafuta kitu usoni kwake, sikukiona. Basi nikaanza. Kwa Kimakua changu kibovu, nikijaziliza Kiswahili, nikamsimulia mto waliouvuka, mzigo kichwani, mtoto mwenye homa juu ya mgongo wa kaka yake, jembe la kuazima. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yetu. Mama alinisikiliza kama anavyosikiliza habari za watu wa mbali, kichwa upande, anatamani kujua mwisho. Lile la "tembea, tunachelewa" nililiacha.

"Na huyo kaka mtu?" akauliza. "Alisahau?"

"Hakusahau. Kila alipopita hapa alisimama."

Akatikisa kichwa, ameridhika. "Mtoto mwema," akasema. "Na mama yao, alipatikana mtu wa kumwangalia?"

"Alipatikana," nikamwambia, nikimkaza mkono. "Amechelewa kidogo, lakini amefika."